Ajali za Kazini na Fidia Yake Katika Migori na Homa Bay



Desturi ya kitabu hiki ni kutoa hesabu za fedha, habari za matawi, na orodha ya wenzetu waliotutoka. Katika mkutano mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo meza kuu haikuweza kulijibu: mtu akiumia kazini, ni nani apasaye kumlipa, na jambo hili lilianza lini? Halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisi tulitafute jibu na kuliandika hapa. Sisi si mawakili wala si waganga. Sisi ni makarani, na tumeyaandika haya kama karani aandikavyo, yaani kwa kufuata majalada, sheria na miaka. Na mwishoni tumeeleza kosa letu wenyewe, kwa kuwa haingekuwa haki kuhesabu makosa ya wengine na kuyaficha yetu.

Nchi tunayoiita leo Migori na Homa Bay iliitwa zamani South Kavirondo, na baadaye South Nyanza. Boma la kwanza la serikali lilikuwa Karungu, ufukoni mwa ziwa, kisha likahamishiwa Kisii mwaka wa 1907. Tangu siku zile nchi yetu ilisifiwa kwa jambo moja mbele ya matajiri wa mbali, nalo ni nguvu za vijana wake. Mazao yetu yalikuwa machache sokoni, lakini mikono yetu ilikwenda reli, bandarini Mombasa, katika mashamba ya mkonge na katika chai ya Kericho. Basi aliyetaka kuandika historia ya maumivu ya kazi miongoni mwetu hana budi kuanza safarini.

Safari iliyo kubwa kupita zote ilikuwa ile ya vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika mlangoni petu mapema, kwa kuwa Wajerumani waliingia Kisii mnamo Septemba 1914 na kupigana huko. Baadaye vijana walikusanywa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, na ambacho wenyeji walikitamka Kariakoo, jina ambalo limesalia Dar es Salaam, na kwa umbo la Kariokor limesalia Nairobi. Hawa hawakuwa askari. Walikuwa wafanya kazi wa mshahara, kila mmoja ameandikwa kwa namba, naye alibeba unga na risasi kichwani. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache ukilinganisha na waliouawa kwa kuhara, kichomi, malaria na chakula kisichopikika. Hesabu za serikali yenyewe zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wenye kuchunguza baadaye wameona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi.

Yatupasa kukaa kidogo juu ya mambo yaliyofuata, kwa kuwa ndani yake mna mbegu ya matatizo yote tutakayoyaeleza. Vita vilipokwisha, ilionekana kwamba mishahara ya wapagazi wengi haikuchukuliwa. Wenyewe wamekufa, na jamaa zao hawakuonekana, kwa kuwa jina lililoandikwa na karani wa jeshi halikuwa jina lililojulikana kijijini, au kijiji chenyewe kiliandikwa vibaya. Oscar Watkins, ambaye alikuwa mkuu wa idara ile ya wapagazi, alisisitiza kwamba fedha zile ni mali ya Waafrika, na kama haziwezi kumfikia mwenyewe basi zitumike kwa faida ya watu wake. Serikali ya London ilikataa. Hivyo fedha za watu waliokufa kazini zilibaki kwa aliyewaajiri, si kwa sababu mtu alisema hawakustahili, bali kwa sababu karatasi haikukamilika. Sisi tunaoshika kalamu kila siku twaliona jambo hilo kuwa zito kuliko risasi.

Katika nchi za Ulaya, wakati huo huo, shauri la fidia lilikuwa limekwisha kuwa sheria. Ujerumani ilikuwa na bima ya ajali za kazini tangu mwaka wa 1884. Uingereza ilitunga sheria yake ya fidia ya wafanya kazi mwaka wa 1897, na mwaka wa 1906 ikaongeza maradhi yatokanayo na kazi. Kabla ya hapo, mfanya kazi wa Kiingereza aliyekatika mkono alitakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba tajiri wake alizembea. Na kama aliyezembea ni mfanya kazi mwenzake, alirudi nyumbani mikono mitupu. Sheria mpya ilibadilisha msingi. Haikuuliza tena ni nani mwenye kosa. Iliuliza tu kama mtu aliumia katika kazi na kwa ajili ya kazi. Mwaka wa 1925 Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva likapitisha mikataba juu ya fidia ya ajali na ya maradhi. Katika mkataba wa maradhi yalitajwa matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Msomaji na aikumbuke hiyo zebaki, kwa kuwa tutakutana nayo tena karibu na nyumbani. Mwaka wa 1934 orodha ikaongezwa, na miongoni mwa yaliyoongezwa ni ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe.

Kwetu mambo hayo yalichelewa. Katika miaka ya 1920 na 1930 sheria zilizomhusu zaidi Mwafrika kazini zilikuwa zile za kumzuia asitoroke, pamoja na kipande alichokivaa shingoni. Aliyeumia alipata huruma ya bwana wake kama bwana alikuwa na huruma. Walikuwapo waliosema. Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, ambayo Archdeacon Walter Owen aliisimamia tangu 1923, iliandika barua nyingi juu ya kodi, ardhi na kazi za kulazimishwa. Vyama vya ustawi kama hiki chetu ni wajukuu wa chama kile.

Sheria ya fidia ya wafanya kazi ya Kenya ilitungwa mwaka wa 1946 na ikaanza kutumika mwaka wa 1949. Kisha ikafuata sheria ya viwanda, iliyoanza mwaka wa 1951, ambayo iliagiza mashine zifunikwe na mahali pa kazi pakaguliwe. Fikira zilikuwa zile zile za Uingereza: tajiri alipe bila ya kuulizwa kosa, na malipo yahesabiwe kwa miezi ya mshahara na kwa kiasi cha mwili kilichopotea. Tangu hapo ikazaliwa ile karatasi ambayo wazee wa kazi waliijua kwa namba, L.D. 104, ambayo tajiri alijaza sehemu yake na daktari akajaza yake. Wengi wetu tulilelewa na baba waliozitunza karatasi hizo ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti cha ubatizo.

Hapa tungependa kumtaja mtu wa kwetu, Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni wa kisiwa cha Rusinga. Watu humkumbuka kwa siasa na kwa ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani, na husahau kwamba kazi aliyosomea ilikuwa ya ukaguzi wa afya. Alizaliwa mwaka wa 1930 karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Katika mashamba ya namna ile ilikuwapo mashine iitwayo korona, ya kupara majani ya mkonge, nayo ilihesabiwa miongoni mwa mashine za hatari kwa mikono ya watu. Mboya alisoma ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na halmashauri ya mji wa Nairobi, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Mwaka wa 1962 akawa Waziri wa Kazi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi wakatia sahihi mapatano makuu ya uhusiano kazini. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa Rusinga. Yeyote anayekwenda kuliona kaburi lake hupita katika fuko zenye mashua za wavuvi, ambao hakuna sheria ya fidia iliyowafikia; tutarudi kwao.

Katika nchi yetu yenyewe kazi kubwa ya hatari ilikuwa Macalder, katika Nyatike. Dhahabu ilitafutwa katika mkanda ule wa Migori tangu miaka ya mwanzo ya utawala wa kikoloni, na baada ya vita vya pili vya dunia mgodi wa Macalder ulichimbwa kwa shaba pamoja na dhahabu, chini ya kampuni iliyosaidiwa na shirika la maendeleo la serikali ya Uingereza. Ulikuwa mgodi wa kweli wa chini ya ardhi, wenye mitambo, orodha ya wafanya kazi, na tajiri anayejulikana. Ulifungwa mwaka wa 1966. Mitambo iliondolewa, makarani waliondoka na majalada yao, na yakabaki mashimo na vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa, ambamo wachunguzi wamekuta risasi na madini mengine ya sumu. Watu hawakuondoka. Walirudi mashimoni wenyewe, kwa nyundo, tindo na tochi.

Sheria ya sasa ni ya mwaka 2007, nayo ilianza kutumika mwaka 2008 badala ya ile ya 1946. Kila mwajiri anapaswa kuwa na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Aliyeumia ampe mwajiri habari, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye ampelekee Mkurugenzi wa usalama na afya kazini taarifa katika muda wa siku saba. Madai yaletwe kabla ya miezi kumi na miwili kupita tangu ajali, au tangu kifo. Aliyepata kilema cha kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mishahara ya miezi 96. Tuchukue mfano. Mtu alikuwa akipata shilingi 12,000 kwa mwezi, na daktari akakadiria kilema chake kuwa thelathini kwa mia. Mara 96 ni shilingi 1,152,000, na thelathini kwa mia yake ni shilingi 345,600. Aliyepoteza macho yote mawili au mikono yote miwili huhesabiwa mia kwa mia. Kuna viwango vya chini na vya juu viwezavyo kuwekwa na Waziri, lakini hesabu ndiyo hiyo, na mwanachama yeyote aweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Sheria hiyo ilipata misukosuko ambayo iliwaumiza wengi. Ilimwondolea mfanya kazi njia ya kwenda moja kwa moja mahakamani, ikampeleka kwanza kwa Mkurugenzi. Chama cha Mawakili kikapinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavitangua vifungu kadhaa. Kwa miaka mingi mashauri yakafunguliwa mbele ya mahakimu. Kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirejesha vifungu vingi kati ya hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Mawakili na majaji walikuwa na hoja nzito pande zote. Lakini mtu mwenye mguu uliovunjika alikuwa akingoja, na jalada lake lilihama kutoka mlango mmoja hadi mwingine, hata Jaji Mkuu akalazimika mwaka 2023 kutoa maagizo juu ya mashauri yaliyokwama katikati.

Hata hivyo, ndugu wanachama, kasoro iliyo kubwa zaidi kwetu haimo mahakamani. Imo katika neno moja la sheria, nalo ni mfanya kazi. Kwa sheria, mfanya kazi ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Sasa tazameni jinsi watu wa Migori na Homa Bay wanavyopata riziki yao. Katika mashimo ya Nyatike yuko mwenye shamba, yuko mwenye shimo, na wako wachimbaji, na wote hugawana magunia ya mawe kwa mapatano. Hakuna mshahara, kuna mgao. Shimo likiporomoka, mwenye shimo husema kwamba marehemu alikuwa mwenziwe katika biashara. Vivyo hivyo ziwani. Mwenye mashua na nyavu huchukua fungu lake, nao wavuvi wa omena au mbuta hugawana linalosalia. Tufani ikiipindua mashua usiku, au kiboko akiivunja, aliyezama hakuwa na mwajiri. Alikuwa, kwa maneno ya sheria, mtu mwenye bahati mbaya.

Zebaki nayo haina tajiri. Mawe yakiisha kusagwa, unga wake huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu na kuwa donge. Donge huchomwa motoni. Zebaki hupanda kama moshi usioonekana, na dhahabu husalia. Kazi ya kuponda, kuosha na kuchanganya hufanywa sana na akina mama, kwa mikono mitupu, mara nyingine na mtoto mgongoni, na uchomaji hufanywa hata karibu na jiko la chakula. Moshi ule huingia mapafuni na kufika katika ubongo na mafigo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mimba hupata madhara. Zebaki inayoingia majini hugeuka ndani ya matope kuwa sumu kali zaidi na kupanda katika samaki, kama walivyojifunza kwa uchungu watu wa Minamata huko Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka wa 1956. Mkataba wa dunia wenye jina la mji huo ulikubaliwa mwaka 2013, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mwaka huo huo. Ni jambo jema. Lakini tangu 1925, Geneva walipoiandika zebaki katika orodha yao ya maradhi matatu, mama wa Nyatike anayetetemeka mikono hajapata mtu wa kumpelekea karatasi.

Twajua kwamba wako watakaosema: basi jamaa na chama na wamsaidie. Tumefanya hivyo kwa muda mrefu. Vyama vya watu wetu mijini, tangu siku za Luo Union, vilikusanya senti kwa senti ili maiti arudishwe nyumbani na mjane asikae na njaa. Ni sifa yetu, wala hatuioneai haya. Ila tumepitia vitabu vya zamani vya michango na tumejiuliza ni majeneza mangapi tuliyoyanunua ambayo yalikuwa deni la mtu mwingine. Tulipolia na kuchanga haraka, hakuna aliyeandika barua kwa mwajiri. Mchango ulifunga jambo pamoja na kaburi.

Sasa lile kosa letu. Mwanachama mmoja alikuwa akilisha miwa katika kinu cha sukari guru. Mkono wake wa kulia ulivutwa kati ya magurudumu, na hospitalini vidole vinne vilikatwa. Mwenye kinu, ambaye hatumtaji, alilipa gharama za hospitali, akampa shilingi elfu tano, na kumtaka atie dole gumba la mkono wa kushoto katika karatasi ambayo hakuachiwa nakala. Mwezi wa kumi tangu ajali, ndugu huyo aliandikiwa barua na mtoto wake wa shule na kuileta ofisini kwetu. Tuliipokea vizuri. Tuliigonga muhuri, tukaipa namba, tukaiweka jaladani ingojee kikao cha halmashauri. Kikao hicho kiliahirishwa kwa sababu ya msiba, kisha kwa sababu ya mvua, na kilichofuata kilikuwa na ajenda ndefu. Barua ilisomwa mwezi wa kumi na nne. Tulipokwenda ofisi ya kazi, afisa alitusikiliza kwa heshima, akauliza tarehe, na akaiweka kalamu chini. Hakukuwa na taarifa yoyote iliyotangulia. Kinu kilikuwa kimeuzwa, na yule wa kwanza akasema hamjui mtu huyo.

Hatukupoteza barua yake. Iko hadi leo, safi, na muhuri wetu juu yake. Tumerudia kuusoma ule muhuri wenye tarehe, na tumeikumbuka habari ya wapagazi.

Kwa hiyo halmashauri imekubali mabadiliko yafuatayo, nayo yameanza kutumika. Barua ya ajali haingoji kikao. Karani aliyeipokea huandika kwa mwajiri na kwa ofisi ya kazi siku hiyo hiyo, na kumpa mwenyewe nakala. Kila tawi limepewa daftari la kuandika jina la mfanya kazi, jina la mwajiri, siku ya kuanza kazi, ujira anaopokea, na majina ya wawili wanaofanya kazi naye, mambo ambayo ni rahisi kuyapata mtu akiwa mzima. Wenye mashimo na wenye mashua walio wanachama wetu, na wako, wameombwa wakubali kuandikiana na watu wao hati fupi ya mapatano. Hadi tunapoandika haya wenye mashua watatu wamekubali. Wenye mashimo wametuambia watafikiri.

Ndugu yule aliyeumia amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na ndiye anayeshika daftari la tawi lake. Halmashauri ilimpa msaada wa shilingi 20,000 kutoka mfuko wa ustawi. Katika hesabu zilizo mwishoni mwa kitabu hiki fedha hizo zimeandikwa chini ya misaada. Yeye mwenyewe aliomba ziandikwe chini ya madeni, na mweka hazina akasema kanuni za hesabu haziruhusu.